Mwanasheria wa Kampuni Naye Ahitaji Wenzake

Sisi wauguzi tukikwama wodini, humwita mwenzetu wa zamu. Mama aliye mwanasheria wa kampuni mara nyingi hana wa kumwita, na anayemhimiza aidhinishe mkataba ndiye mwajiri wake.

Nchini Kenya, Chama cha Wanasheria humtaka wakili apate pointi 5 za mafunzo kila mwaka. Tunawaona akina mama wenzetu wakizipata, kisha mbio nyumbani kupika. Dada, usikimbie. Kunywa chai na mawakili wa kampuni nyingine. Siri za mwajiri usizitoe, kama sisi tusivyomtaja mgonjwa. Lakini jambo la sheria huulizwa. Hapo utapata wa kumpigia simu siku mkubwa atakaposema, "Weka sahihi tu."

Jioni hiyo, baba na watoto wapike.