Mlango Wangu, Pumzi ya Jirani

Kwa sisi tuliozoea mwenye nyumba anayeishi ua mmoja nasi, anayejua nani karudi usiku wa manane na nani kachelewesha kodi, kupanga Uingereza kunaonjesha uhuru mpya. Mwenye nyumba ana ufunguo, lakini hautumii apendavyo. Akitaka kukagua hali ya nyumba, sheria ya mwaka 1985 inamtaka atoe taarifa ya maandishi saa 24 kabla, na aje kwa wakati unaofaa.

Uhuru huo ni mtamu, na kuna wanaolewa nao. Barua ya ukaguzi wa gesi ikifika, wanaitupa: "Kodi nimelipa, sifungui." Nawaelewa. Aliyehamahama vyumba vya watu miaka nenda miaka rudi huuonea wivu mlango wake.

Hata hivyo, kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe boila na mabomba ya moshi yanakaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa, na mpangaji apewe nakala ya cheti ndani ya siku 28. Adui anayewindwa ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu kule kwetu wanapolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinapanda, usingizi unazidi, na mtu anadhani ni uchovu wa kazi tu.

Fundi akija namwomba kitambulisho. Nyuma ya kitambulisho hicho zimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Hupiga magoti mbele ya boila, akaingiza ncha ya kipimo kwenye bomba la moshi na kusubiri namba zitulie. Jikoni hutazama moto: wa buluu ni salama, ukiwa wa njano na kuacha masizi, kuna kasoro.

Mpangaji akikataa kabisa, mwenye nyumba havunji mlango. Hubisha tena na tena, huandika barua na kutunza nakala, na ikishindikana huenda mahakamani kuomba amri. Kuna wanaouona mzunguko huo kuwa usumbufu. Mimi naona adabu ndani yake: hata mwenye nia njema, tena kwenye mali yake mwenyewe, inampasa aombe njia.

Adabu hiyo inanidai na mimi. Kaboni monoksidi hupenya kuta na sakafu, na wanaolala ghorofa ya juu hawakuulizwa lolote nilipoamua kutofungua. Siku niliyopangiwa ukaguzi isiponifaa, najibu barua na kutaja nyingine. Kukataa saa ya kuja fundi ni haki yangu. Kuinyamazia barua ya ukaguzi ni kuamua juu ya uhai wa watu wengine bila wao kujua.