Boliti za Silinda Hedi na Somo la Sayansi

Kuna swali moja ambalo mafundi wa magari hawajaacha kulibishania, nalo ni hili: injini ikifunguliwa na silinda hedi ikainuliwa, je, boliti zilizoifunga zirudishwe zile zile, au zitupwe na kununuliwa mpya? Mwalimu mwanafunzi aweza kuuliza swali hili linamhusu nini yeye ambaye kesho atasimama mbele ya watoto wa darasa la nne akiwa na chaki mkononi. Sisi tunaona kwamba linamhusu sana. Mwaka jana swali hilo liliingia chuoni kwetu pamoja na gharama yake na hatari yake, likatupatia somo la sayansi ambalo hatukuwa tumeliona katika kitabu chochote cha kiada.

Lori la chuo, lenye injini ya dizeli ya silinda 4, lilichemsha njiani majuma mawili kabla ya mazoezi ya kufundisha. Lori hilo ndilo linalowapeleka wanachuo, pamoja na magodoro na masanduku yao, katika shule za mbali, nyingine zikiwa mwendo wa saa 4 kwa njia ya milima ambako nyumba ni za kuhesabu. Lilipofunguliwa ilionekana kwamba gasketi imeungua na hedi imepinda kidogo. Mhasibu alikuwa na fedha za gasketi, na za kuskimu hedi pia. Fedha za boliti mpya 10 hakuwa nazo, isipokuwa zimegwe kutoka katika fungu la karatasi za manila, kalamu za rangi na gundi. Yaani zana za kufundishia za wanachuo wale wale ambao lori lilikuwa likitengenezwa kwa ajili yao. Msomaji ataona kwamba kila jibu lilikuwa na mtu wa kuumia.

Tuliomba ruhusa tukawachukua wanachuo 24 wa somo la sayansi mpaka karakana. Huko tulikuta mafundi wawili. Mmoja ni mzee aliyejifunza kazi chini ya magari tangu ujana wake, wa pili ni kijana aliyetoka katika chuo cha ufundi stadi. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee alitwaa boliti moja, akaipangusa kwa kitambaa, akaiinua juu wote waione.

"Wanangu," akasema, "hizi nimezirudisha miaka na miaka, na magari yakatembea. Boliti isiyokufa uzi haitupwi."

Kijana alijibu kwa adabu: "Ni kweli, mzee wangu. Lakini za injini hii sisi tulifundishwa kwamba zikishafunguliwa hazirudi."

Papo hapo wanachuo wakagawanyika. Waliomwamini mzee walisema amekula chumvi nyingi. Waliomwamini kijana walisema amesoma. Kila upande ulikuwa na hoja moja tu, nayo ni "fundi kasema". Tuliwaacha wabishane kitambo, kwa sababu ubishi wa namna ile ni mali kwa mwalimu ajuaye kuutumia, kisha tukawauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: boliti hiyo inafanya kazi gani?

Jibu la kwanza lilikuwa "kushika hedi isianguke". Hedi haianguki, imekaa juu ya bloku na uzito wake unatosha kuiweka hapo. Kinachotaka kuiinua ni moto ulio ndani ya silinda. Tulichukua kipande cha chaki tukaandika juu ya bati la mlango wa karakana: tundu la silinda lina kipenyo cha sentimita 10, na gesi inapowaka inasukuma kwa nguvu ya kilo 70 juu ya kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa injini ya dizeli isiyo na tabo. Eneo la duara ni 22/7 mara 5 mara 5. Zidisha kwa 70, utapata kilo 5,500. Tani tano na nusu! Kila boliti kati ya nne zinazoizunguka silinda hiyo inabeba zaidi ya tani moja na robo kila moto uwakapo. Hesabu hii haina baki, na mtoto wa darasa la saba aweza kuifanya katika daftari lake. Tunaipendekeza kwa yeyote anayetafuta mfano wa eneo la duara usiohusu shamba la mviringo ambalo hakuna mkulima aliyewahi kulilima.

Basi boliti haina budi kuivuta hedi chini kwa nguvu inayozidi ile ya moto, na kuendelea kuivuta mchana na usiku. Inavutaje, na yenyewe ni chuma kisichojongea? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Boliti inapokazwa hurefuka kidogo sana, kama springi, na kule kutaka kurudi katika urefu wake ndiko kunakoibana hedi. Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ya jambo hili mwaka 1678: kadiri unavyovuta springi ndivyo inavyorefuka, na ukiiachia inarudi. Lakini kila chuma kina mpaka wake, na kikivutwa kupita mpaka huo hakirudi tena kilikotoka.

Tuliwaambia wanachuo wafungue kalamu zao za wino na kutoa ile springi ndogo iliyomo ndani. Vuta kidogo, iachie: imerudi. Vuta kwa nguvu, iachie: imebaki ndefu. Hawakuhitaji maneno mengine. Kuhusu zana hii tunataka kusema kwamba haina gharama, kila mwanafunzi aweza kuwa na yake, na inaonyesha mambo mawili ambayo mchoro wa ubaoni hauwezi kuyaonyesha, yaani kurudi na kutorudi. Wako wenzetu wanaotumia ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira unafaa kuonyesha kurudi. Lakini kwa kutorudi haufai, kwa maana utakatika kabla mtoto hajaona kitu.

Kijana wa ufundi stadi alipoona springi za kalamu alifurahi, akaomba kueleza jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua. Alisema kwamba spana ya kipimo, wanayoiita toki renchi, haipimi jinsi boliti inavyovutika. Inapima tu jinsi inavyokuwa nzito kuzungusha. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono, takribani tisa katika kumi, inapotea katika msuguano chini ya kichwa cha boliti na katika uzi wake. Uzi ukiwa na kutu au uchafu, spana itasema tayari ilhali boliti bado haijavutwa vya kutosha. Ndiyo sababu uzi husafishwa na kupakwa oili nyepesi, na ndiyo sababu matundu ya bloku hukaushwa kabisa, kwa kuwa oili ikituama katika tundu lisilo na upenyo chini, boliti itaigandamiza na bloku laweza kupasuka. Na ndiyo sababu pia watengenezaji wa injini nyingi, hasa tangu miaka ya 1980, wameongeza njia ya pili: boliti hukazwa kwanza kwa kipimo kidogo cha spana, kisha huzungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, bila kujali spana inasoma nini. Kwa njia hiyo zote zinavutwa sawasawa zaidi, na aghalabu zinavutwa hadi mpakani penyewe au kuupita kidogo, kwa makusudi.

(Hapa mwanachuo mmoja aliuliza kwa nini boliti izungushwe nyuzi 90 wakati uzi wake hauna mizunguko mingi kiasi hicho. Lugha yetu imelipa neno hili kazi mbili, uzi wa boliti na nyuzi za pembe, na mwalimu asipotenganisha mapema atajikuta anafundisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja. Chora pembe mraba, useme "nyuzi za pembe", umalize.)

Sasa ubishi wa mafundi ulikuwa umebadilika sura. Tulimwuliza mzee alijifunza kazi kwa magari gani. Alitaja malori ya zamani, na mashine za kusaga nafaka ambazo hedi zake hubanwa kwa nati juu ya vyuma vilivyosimama katika bloku. Katika injini za aina hiyo boliti hukazwa kwa kipimo cha spana peke yake, chini ya mpaka wa chuma, kwa hiyo zikifunguliwa zinarudi katika urefu wake. Uzi ukiwa mzima, hakuna sababu ya kuzitupa. Kijana alifundishwa kwa injini za nyuzi za pembe, ambazo boliti zake huenda zimekwisha kupita mpaka siku ile ile zilipokazwa kiwandani. Kila mmoja alisema kweli ya injini alizozijua. Kosa lilikuwa kuichukua kanuni na kuiacha sababu yake nyuma, na kosa hilo halikuwa la mafundi. Lilikuwa la wanachuo wetu, waliokuwa tayari kuinukuu kanuni hiyo shuleni kama ilivyo.

Ilibaki kujua injini ya lori letu ni ya kundi gani. Kitabu chake kilikuwapo katika kabati, kimejaa vumbi. Wanachuo wawili walisoma na kututafsiria: ni ya nyuzi za pembe, lakini kitabu hakikusema zitupwe; kilisema zipimwe urefu, na itakayozidi kiwango kilichotajwa isirudishwe. Yafaa tuseme kwamba vitabu havikubaliani katika hili. Vingine vinaagiza boliti mpya kila mara bila mjadala. Vingine vinaruhusu kuzirudisha mara kadhaa, fundi akipiga alama ya nukta juu ya kichwa kila safari ili ajue hesabu yake. Kwa hiyo hata anayejua sababu hana budi kukisoma kitabu cha injini iliyo mbele yake.

Tulizipanga boliti 10 juu ya meza kwa mfuatano ule ule wa matundu yake, wanachuo wakapima wawili wawili kwa kalipa, na kila kipimo kikachukuliwa mara tatu na mikono mitatu tofauti. Mzee alivaa miwani akasimama nyuma yao. Boliti tano zilikuwa na urefu wake wa awali. Tatu zilikuwa zimerefuka na kukaribia kiwango. Mbili, zote za katikati, zilikuwa zimekizidi, na moja yao, ukipitisha vidole juu yake, ulihisi kiuno pale chuma kilipoanza kuwa chembamba. Mzee aliipitisha vidole mara mbili. "Hii imevutika," akasema, "na uzi wake mzima kabisa. Ningeirudisha." Hatukuona haya kwake wala kwa wanachuo. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamika kwamba shule zilikuwa zikiwafanya vijana wadhani kuwa elimu yote ya maana imo vitabuni au kwa waliosoma; mzee yule, aliyekubali kupima alichokijua kwa miaka, alikuwa na elimu ambayo tungependa wanachuo wetu waipate pamoja na ile ya kabatini.

Wanachuo walipendekeza zinunuliwe mbili tu, na hoja yao ilikuwa nzuri, maana kitabu kilizipitisha nane. Sisi tulishauri zote 10, na mkuu wa chuo akakubali. Tatu zilizokaribia mpaka zingevutwa tena, na hakuna awezaye kuzipima zikiwa ndani ya injini. Hedi ikiachia, watu 40 watalala barabarani na gasketi mpya itakuwa imepotea pia. Laiti lingekuwa gari la kuzunguka mjini, huenda tungekubaliana nao. Boliti zililetwa kwa basi kutoka maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam. Kijana na mzee wakazikaza pamoja, wakianzia katikati na kwenda nje kwa kupokezana pande, hatua kwa hatua, huku mwanachuo mmoja akitia alama ya rangi kwenye kila kichwa ili nyuzi 90 zionekane kwa macho. Lori lilipanda milima na kurudi.

Fungu la manila lilipungua kama ilivyotarajiwa, na wanachuo walinung'unika, nao walikuwa na haki. Walichora juu ya maboksi yaliyopasuliwa na juu ya viroba vilivyofuliwa. Baadhi ya zana hizo zilikuwa mbaya, nyingine zilikuwa bora kuliko za manila kwa kuwa zilidumu zaidi ya muhula mmoja.

Boliti 10 za zamani ziko katika kasha la mbao kwenye chumba cha sayansi. Hatukuzitia alama. Mwanachuo anayepewa kasha hilo anapewa kalipa, urefu unaoruhusiwa ukiwa umeandikwa juu ya kipande cha karatasi, na dakika 40.