Daraja la Sydney Usiku wa Kuamkia Mwaka Mpya

Katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, liko daraja kubwa la chuma lililofunguliwa mwaka 1932. Tao lake lina urefu wa mita 503, na kilele chake ki mita 134 juu ya maji. Kila tarehe 31 Desemba watu wengi hufika kando ya bandari tangu asubuhi, na vyakula vyao mikononi, wapate mahali pazuri pa kutazamia fataki za saa sita ya usiku.

Mpiga picha stadi haingojei saa hiyo. Jua likisha kutua, baada ya saa mbili, mbingu husalia na rangi ya buluu kwa muda mfupi, na taa za mji zimekwisha kuwashwa. Hapo huiweka kamera juu ya kigoda cha miguu mitatu, akaiacha lenzi wazi kwa sekunde 10 au zaidi. Daraja hutokea dhahiri, na kila chombo kipitacho huacha mstari wa nuru majini.

Fataki zikianza, moshi wake huweza kulifunika daraja upepo usipovuma. Basi aliyekaa bure akingojea mlio wa kwanza huenda akarudi nyumbani na picha za moshi tu.