Land Rover ya Mjomba Wangu

Wengi katika bweni letu waliniuliza kwa nini nilirudi shuleni baada ya likizo ya mwezi wa Juni, mwaka wa 2025, mikono ikiwa imechubuka, na kwa nini sitaki tena kubishana habari za matairi makubwa. Niliwajibu juu juu tu. Sasa Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike kitu, nami nimeona heri niwaeleze mambo yote kama yalivyokuwa, ijapokuwa mengine si ya kujivunia.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anakaa Mto wa Mbu, chini ya ule ukuta mrefu wa Bonde la Ufa. Ana Land Rover iliyotengenezwa mwaka 1976, ya namna ile iitwayo Series III, fupi, yenye inchi 88 toka gurudumu la mbele hata la nyuma. Gari hilo linamzidi mjomba mwenyewe umri kwa miaka minne. Kwa gari hilo hupeleka unga, sukari, sabuni na mafuta kwa wenye maduka wa Engaruka na Ngaresero, karibu na Ziwa Natron, na kurudi na magunia ya maharage na abiria wawili watatu. Watu saba wanakula kwa gari hilo, na wakati wa likizo mimi ni wa nane.

Njia ya kwenda huko si barabara ya kusifiwa. Ni vumbi laini kama unga wa ngano, na mawe meusi yaliyotoka katika milima ya moto, na makorongo yasiyo na maji isipokuwa siku za mvua, ambayo wakati wa kiangazi hujaa mchanga. Kwa hiyo kila safari ina matengenezo yake kabla na matengenezo yake baada. Mjomba alinifundisha kazi hiyo tangu nikiwa darasa la sita, naye hana haraka katika kufundisha.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni chesisi. Mwili wa Land Rover umetengenezwa kwa aluminiamu, kwa maana gari hizo zilipoanza kutoka mwaka 1948 chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haishiki kutu, lakini chesisi yake ni chuma, nayo huoza kwa ndani pole pole pasipo mtu kuona. Unaweza kulitazama gari ukalisifu uzuri wake, kumbe mifupa imekwisha. Kwa hiyo kila likizo mimi hulala chini yake na bisibisi na brashi ya waya, nikakwangua tope, nikagonga gonga kila mahali na kusikiliza, kisha nikapaka oili chafu. Mahali palipolia vibaya mjomba hutia alama ya chaki, na fundi wa kuchomelea huitwa.

Baadaye huja chujio la hewa. Katika gari hilo hewa hupita kwanza juu ya bakuli lenye oili, na vumbi hunaswa humo. Baada ya safari moja tu ya Natron oili ile huwa uji mzito. Usipoimwaga na kutia nyingine, vumbi hilo litaingia katika injini na kuisaga. Kisha springi, ambazo ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mjomba ameongeza jani moja kila upande wa nyuma kwa sababu ya mizigo. Ekseli nazo zina tundu dogo la kupumulia, naye amelifunga mpira mwembamba na kuupandisha mpaka juu, ili ekseli yenye joto ikiingia majini ghafula isivute maji ndani. Hayo ndiyo mageuzi yake yote, na mtu apitaye njiani hawezi kuyaona hata moja.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Mwezi wa Oktoba 2024 kulikuwa na tamasha kubwa la magari ya Land Rover mjini Arusha. Mimi sikwenda, lakini picha zake niliziona. Loo! Magari yaliyoinuliwa juu, yenye matairi mapana, taa nyingi kipajini, na mabomba ya kuvutia hewa yaliyopanda hadi juu ya paa. Nikalifikiria letu, lenye rangi ya kijani iliyopauka na matairi membamba ya 6.00 kwa 16, nikaona haya.

Basi mwezi wa Juni nilipofika nyumbani, nikasikia ya kuwa dereva mmoja anauza matairi manne ya 7.50 kwa 16, ambayo huvaliwa na Land Rover ndefu. Nilikuwa na mbuzi wawili niliopewa na Bibi, mama yake mjomba, anayekaa Engaruka. Nikawauza mbuzi wale pasipo kumwambia mtu, nikamletea mjomba fedha. Mjomba alizitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Mjomba, ukimvisha mtoto viatu vya baba yake atatembea, lakini mwangalie atakapotaka kukimbia." Lakini matairi ya zamani yalikuwa yamekwisha kabisa hata nyuzi zaonekana, na pesa nyingine hakuwa nazo. Akakubali, akanionya kwamba tangu siku hiyo gari liendeshwe kwa adabu zaidi, kwa kuwa gurudumu kubwa hutaka nguvu nyingi zaidi kuligeuza, na nguvu hiyo yote hupita katika shafti.

Napenda kueleza kidogo habari ya shafti, kwa sababu ndiyo kiini cha hadithi. Nguvu ya injini hufika kwenye difu katikati ya ekseli ya nyuma, na kutoka hapo hupelekwa kwenye kila gurudumu kwa fimbo ya chuma yenye meno nchani. Ni fimbo mbili, ya kushoto na ya kulia, wala hazilingani urefu. Katika Land Rover fupi za zamani fimbo hizo ndizo mahali dhaifu, na madereva wote wa zamani wanalijua hilo. Kwa hiyo mjomba daima alichukua mbili za akiba, zimepakwa grisi na kufungwa katika gunia, chini ya kiti cha nyuma cha upande wa kushoto.

Nami chini ya kiti hicho nilitaka kuweka spika. Ilikuwa spika kubwa ya redio niliyoitengeneza mwenyewe, na lile gunia la grisi lilikuwa likinichafulia kazi. Siku ya Ijumaa jioni nililichukua nikaliweka stoo, nyuma ya debe. Nilikusudia kumwambia mjomba. Sikumwambia.

Jumamosi tulikwenda Ngaresero salama, muziki ukilia. Jumapili adhuhuri tukarudi kwa njia ya Engaruka kumchukua Bibi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, hata akawa anatujua kwa sauti tu. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja katika hospitali moja ya mjini kwa siku chache, na jina lake liliandikwa kwa Jumatatu asubuhi, siku yao ya mwisho. Alikuwa amevaa kanga mpya, ameketi nje juu ya mkeka wake tangu alfajiri. Alipopanda garini aliuliza, "Mbona leo gari liko juu hivi?" Mjomba akanitazama. Nikasema ni matairi. Hakuuliza yalinunuliwa kwa nini.

Mwendo wa saa moja hivi kutoka Engaruka kuna korongo pana. Magari yaliyotutangulia yalikuwa yameuchimbua mchanga, nasi tukakwama katikati. Mjomba akabonyeza kile kifundo cha manjano na kuurudisha ule mkono mwekundu, ili magurudumu yote manne yavute kwa gia nzito. Tukasogea hatua tatu, tukakwama tena. Vijana wawili waliokuwa wakichunga ng'ombe wakaja kutusaidia. Mjomba akashuka kusukuma pamoja nao, akaniambia nishike usukani. "Achia klachi kama mtu anayeweka yai mezani," akasema, "wala usikanyage mafuta."

Nilitaka kumwonyesha nguvu ya matairi yangu. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, mchanga ukaruka, nikasikia vijana wakipiga kelele. Kisha gurudumu la nyuma la kulia likapata jiwe lililofichwa chini, likashika ghafula. Pakalia mlio mmoja, ka!, kama kuni kavu ivunjwapo juu ya goti. Baada ya hapo injini ikawa inanguruma tu na magurudumu ya nyuma hayana habari. Nikaizima.

Mjomba hakusema neno. Akaliinua gurudumu kwa jeki, akalizungusha kwa mkono mmoja, nalo likazunguka bure kama gurudumu la baiskeli. Akajipangusa mikono. "Shafti," akasema. "Si neno. Nipe lile gunia."

Msomaji, nimewahi kuitwa mbele ya shule nzima, nami nawaambia haikuwa kitu kulinganisha na dakika ile. Nilisimama. Mjomba akafikiri sikusikia, akarudia. Nikafunua kiti akaiona spika. Nikamwambia gunia liko nyumbani. Bibi alikuwa ndani ya gari, anasikia kila neno. Mjomba akakaa juu ya mchanga, akautazama mlima Kerimasi upande wa kaskazini kama mtu anayehesabu kitu, na jua lilikuwa linashuka.

Alipoinuka alianza kazi. Akafungua bolti sita katika hubu ya gurudumu, akaivuta shafti. Ilitoka ikiwa fupi. Ncha yake ilikuwa imebaki katika difu. Tundu lile akaliziba kwa nailoni na waya ili mchanga usiingie. Kisha akalala chini, akaifungua ile fimbo ndefu itokayo kwenye giaboksi kwenda nyuma, bolti nne huku na nne huku, akaitoa kabisa. "Sasa," akasema, "nyuma hatuna kitu. Mbele ndiko kutakakotuvuta, kama mbele kutapenda." Nikafahamu kwamba Land Rover ina ekseli mbili zenye nguvu, na ya nyuma ikifa, ya mbele yaweza kulirudisha gari nyumbani.

Lakini kutoka mchangani kwa magurudumu mawili ni kazi. Tulishusha magunia yote ya maharage. Tukapunguza upepo wa matairi mpaka pauni 15, yakalala mapana. Tukachimba kwa jembe na kwa mikono. Hapo ndipo nilipochubuka. Tukakata matawi, na yalipokuwa hayatoshi Bibi akautoa mkeka wake mwenyewe, akasema uwekwe mbele ya gurudumu. Mjomba akaenda kuwasha gari, betri ikakataa; muziki wangu wa siku mbili ulikuwa umeila. Ikabidi niizungushe injini kwa hendeli ya mkono, ambayo siku chache kabla nilikuwa nimeshauri itupwe kwa kuwa ni kitu cha kizamani. Mara ya nne ikawaka. Mjomba akaliendesha mwenyewe, pole pole mno, hata nikadhani halisogei. Lilipanda ukingo saa tatu ya usiku. Mkeka ukabaki vipande vipande.

Bado tulipaswa kubeba magunia kuyavusha, na kujaza matairi kwa pampu ya mguu, na kwenda mwendo wa mtu atembeaye katika kila korongo lililofuata. Mawili tukakwama tena. Tulifika Mto wa Mbu kumekucha. Mjomba hakunawa hata uso, akampandisha Bibi katika basi la kwanza. Walipofika hospitali ilikuwa karibu na saa sita ya mchana na zamu yake ilikuwa imepita. Wakaandikiwa mwezi wa Septemba.

Siku mbili mjomba hakunisemesha ila kwa mambo ya lazima. Siku ya tatu akaniletea kopo dogo la rangi nyeupe na brashi, akaniambia niandike ndani ya mlango wa nyuma kila kitu kinachopasa kuwamo garini, na mahali pake. Nikaandika: shafti mbili, feni belti, plagi, mpira wa rejeta, waya, jembe, pampu, hendeli, maji lita 20. Alisoma, akaniambia niongeze mkeka. Matairi yale makubwa aliyauza, akanunua yenye kipimo cha zamani, na spika nikaitoa mwenyewe. Ilipofika zamu ya Bibi kujua habari za mbuzi, nilimwambia mimi, si mjomba. Alisema alikwisha kujua tangu siku ile alipoliona gari liko juu, kwa maana watoto wa siku hizi hawana fedha isipokuwa wameuza kitu.

Mwezi wa Septemba nilikuwa hapa shuleni. Mjomba alinisimulia kwa simu kwamba jicho la kwanza lilifunguliwa siku ya pili yake, na Bibi akatoka nje akiongozwa. Akalizunguka gari lote, akalishika mlango uliobonyea. "Ndilo hili?" akasema. "Nami miaka yote hii nilidhani ni zuri." Kisha akataka aonyeshwe hiyo shafti. Mjomba akafunua kiti, akalifungua gunia. Bibi akaitoa ile ndefu, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama toka ncha hata ncha, grisi ikimchafua kanga, akaifunga tena katika gunia na kuirudisha mwenyewe mahali pake.