Mafunzo ya Nahodha Mwoga

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kupata katika kurasa hizi habari za ushairi, methali na sarufi. Leo twawaomba radhi, kwani twataka kuzungumza juu ya mchezo wa kompyuta. Tulipokuwa tukifundisha Kiswahili Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, mchezo huo ulitusaidia katika kazi yetu, kisha ukatuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa kulijibu.

Lugha ya Nchelenge ni Kibemba. Kiswahili ni lugha ya ng'ambo, ya Pweto na miji mingine ya Kongo, nacho huvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara. Mwaka 2017 kilivuka pia pamoja na maelfu ya watu waliokimbia vita, wakapokewa Kenani, na tangu 2018 wengi wao wakapewa makazi Mantapala. Darasa letu la jioni lilikuwa na watu wa pande zote mbili: vijana wa Kibemba waliotaka Kiswahili cha kufanyia biashara, na Wakongo waliotaka kukisoma Kiswahili sanifu. Kompyuta ilikuwa moja tu, tena kuukuu.

Mchezo wenyewe huitwa Elite. Ulitungwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, ukatolewa mwaka 1984. Mchezaji hupewa chombo cha angani, krediti 100, makombora matatu, na nafasi ya tani 20 za shehena. Mbele yake kuna makundi manane ya nyota, na katika kila kundi sayari 256. Afanye biashara, apigane, akimbie, au awe haramia, shauri lake.

Maandishi ya mchezo yalikuwa ya Kiingereza, nasi tukaona kuwa hilo ni zoezi zuri la tafsiri. Maneno hatukuyatafuta mbali. Watu wa pwani walikwisha kutuachia nahodha, shehena, gati na haramia. Watu wa misafara wakatuachia mzigo na hongo. Tuliwaeleza wanafunzi kwamba hongo, kabla ya kuwa rushwa, ilikuwa ushuru uliotozwa msafara ili upite salama katika nchi ya mtawala. Katika mchezo huu maharamia hawapokei hongo. Kwa hiyo tuliandika ubaoni mashauri ya kumwezesha nahodha mgeni kufika salama.

La kwanza ni biashara. Nunua vyakula katika sayari ya wakulima, ukauze katika sayari ya viwanda, na kila bei uiandike, maana mali bila daftari hupotea bila habari. La pili ni kuchagua bandari. Kila sayari huonyesha aina ya utawala wake. Pale pasipo na serikali ndipo maharamia hujaa, na nahodha mwenye silaha hafifu asipakaribie. La tatu ni mafuta. Tangi hutosha safari ya miaka ya nuru saba. Asiyejaza tangi kabla ya kuondoka hujinyima njia ya kuponea akishambuliwa. La nne ni vita. Chombo kina ngao mbili, ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikidhoofika, geuka, ya nyuma ipokee mapigo huku ile nyingine ikijirudishia nguvu. Usipige mfululizo, kwani silaha ikipata moto hunyamaza. Ukipata fedha, nunua mapema kifaa cha kuharibu makombora ya adui. La tano ni kutia gati. Kituo huzunguka daima na mlango wake ni mwembamba. Wengi walioshinda maharamia waliangamia mlangoni kwa haraka zao.

Vijana wetu waliyanakili mashauri hayo kwa hati nzuri, kisha wakayapuuza yote. Kila mmoja alitaka kuwa shujaa, na kila mmoja alikufa. Dada mmoja tu, aliyevuka ziwa mwaka ule wa 2017, hakupigana hata siku moja. Akiona chombo asichokijua, hugeuka. Akiandamwa, huruka kwenda sayari nyingine kwa mafuta aliyoyaweka akiba. Wenzake walimcheka na kumwita Nahodha Mwoga. Muhula ulipokwisha, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na fedha za kupanua nafasi ya shehena kutoka tani 20 hadi 35. Tukaandika ubaoni: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku hiyo methali ile haikuhitaji kufafanuliwa.

Laiti tungeishia hapo. Lakini orodha ya bidhaa za mchezo ina vitu 17, na cha nne ni watumwa. Tulipofika kwenye neno hilo kalamu zetu zilisita. Tulikuwa tumejivunia maneno ya msafara, na huku tukijua misafara hiyo ilibeba nini. Mwaka 1867, katika nchi ya Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, Tippu Tip alimshinda Nsama akateka pembe nyingi sana. Habari hizo alizisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Livingstone aliliona Ziwa Mweru. Katika bonde la Luapula, kwa Kazembe, pembe, shaba na watu viliuzwa na kununuliwa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za biashara hiyo. Tulifikiri kuliruka neno lile. Mwishowe tuliliandika ubaoni, tukaeleza, na darasa likakubaliana kwamba hakuna nahodha wetu atakayebeba bidhaa hiyo.

Mchezo haukuturuhusu kutoka kwa urahisi hivyo. Chombo kinapovunjwa, huenda rubani wake akatoroka ndani ya kidau cha kujiokolea. Siku moja Nahodha Mwoga, ambaye sasa alikuwa na kifaa cha kuokotea vitu angani, alikiona kidau kama hicho kikielea, akakiokota. Alipofungua orodha ya shehena yake alikuta imeandikwa: watumwa, tani 1. Akatugeukia akauliza, "Mwalimu, mtu aliyekimbia akaokolewa, ndiyo awe mtumwa?"

Tulijaribu kueleza kwamba watunzi walikuwa vijana, na kwamba kumbukumbu ya kompyuta yao, kilobaiti 32, haikuwa na nafasi ya kila jambo. Maelezo hayo hayakumtosha, wala sisi hayakututosha. Darasa lilijadiliana mpaka giza likaingia na taa za wavuvi wa chisense zikaonekana ziwani. Mmoja alisema amwuze, kwa kuwa ni mchezo tu. Mwingine alisema vidau visiokotwe tena, na dada yule akamjibu kwamba yeye asingekuwapo hapa kama kila mwenye mtumbwi angefikiri hivyo.

Hakumwuza. Alimweka ndani ya chombo, akaendelea na safari zake akiwa na tani 34 za biashara badala ya 35. Na kwa kuwa sheria ya mchezo huitazama shehena hiyo kuwa ni magendo, kila alipoondoka bandarini jina lake liliandikwa kuwa mkosaji. Yeye aliyekuwa akiepuka kila hatari aliikubali hii moja, na wala hakutuomba shauri.

Orodha ya maneno tuliyoyatafsiri tumeihifadhi kwa ajili ya walimu wenzetu watakaopenda kuitumia. Neno la nne limo. Twawashauri wasiliruke, na siku watakapolifikia wasipange somo jingine baada yake.