Chai ya Mjini



Dominika tatu zilizopita tulihubiri juu ya familia, na katikati ya mahubiri tulitoa maneno yaliyowafurahisha mno akina mama. Tulisema wapo akina baba katika jiji hili la Dar es Salaam wanaokunywa supu na chapati mjini kila asubuhi, huku nyumbani wameacha watoto na chai ya rangi isiyo na kitafunwa. Vigelegele vilisikika hadi nje ya kanisa. Tukiri kwamba tulivifurahia.

Baada ya misa alitujia sakristia mzee mmoja, mchukuzi wa mizigo Kariakoo. Hakuwa na hasira. Alisalimu, akasubiri watumikiaji watoke, kisha akasema, "Baba, siku moja tufuatane, ukanywe chai na sisi."

Basi siku ya Alhamisi tukamwachia paroko msaidizi misa ya asubuhi, tukatoka na mzee wetu saa kumi na nusu alfajiri. Parokia yetu iko upande wa Mbagala, na anayetaka kufika Kariakoo kabla magari hayajaanza kushusha mizigo hana budi kuitangulia foleni ya Barabara ya Kilwa. Tulisimama njia nzima. Waliopata viti walikuwa wamelala, vichwa vimeegemea vioo. Wote tuliowauliza walikuwa hawajatia kitu kinywani.

Chakula hiki tunakiita kifungua kinywa, wengine staftahi, na wenzetu wa Kenya husema kiamshakinywa. Lakini mtu wa Dar es Salaam huuliza tu, "Umekunywa chai?", hata kama ndani ya chai hiyo mna bakuli zima la kongoro. Neno mgahawa nalo, ambalo wengine hutamka mkahawa, linatokana na kahawa, ingawa mahali tulipopelekwa kahawa haikuwapo. Palikuwa na turubai lililofungwa kwenye nguzo nne, mabenchi mawili na majiko matatu ya mkaa: la chai ya maziwa yenye tangawizi, la supu na la chapati. Mihogo ya kukaanga ilikuwa kwenye beseni. Mama lishe hakumwuliza mtu anataka nini. Huyu alipewa chapati mbili na maharage, yule supu iliyoenguliwa mafuta kwa sababu ya presha yake, na kijana mmoja alipewa mihogo mitupu kwa kuwa juzi na jana hakupata kazi.

Tulimwuliza mzee kwa nini asinywe chai nyumbani. Alijibu bila haraka. Ili yeye anywe chai kwake, mama watoto angepaswa kuamka saa tisa usiku kuwasha jiko, na mkaa wa kuchemsha kikombe kimoja ni karibu sawa na wa kuchemsha sufuria nzima. Tena chakula cha saa hiyo hakipiti kooni. Na gunia halibebwi kwa chai ya rangi. "Hii ni nauli, Baba," alisema akionyesha bakuli, "kama ile ya daladala." Alituonyesha pia daftari lililoning'inia kwenye nguzo. Humo huandikwa anachokula asubuhi, naye hulipa jioni akishapata chochote. Dukani mtaani kwake sukari ni ya fedha taslimu. Kwa hiyo supu huja kabla ya kazi, na sukari ya watoto huja baada ya kazi, kama kazi imepatikana. Sisi tulikuwa tumeigeuza hesabu hiyo kuwa uchoyo.

Hata hivyo tusidanganyane. Kwenye benchi la pili alikuwapo bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, mbele yake bakuli la pili la supu. Alitutambua, akacheka. "Baba, yale mahubiri mke wangu aliniletea hadi kitandani." Tukamwuliza ameacha nini mezani kwake asubuhi ile. Akaacha kucheka, akatazama bakuli.

Tuliyemsahau kabisa siku ile tulipokuwa kwenye mimbari ni mama lishe. Yeye huamka saa nane. Watoto wake watatu hunyweshwa chai na dada yao mkubwa wa darasa la sita, na baba yao hayupo. Ni chai ya rangi, na mara nyingi haina kitafunwa. Yeye mwenyewe hula saa nne, akisimama, kilichobaki chini ya sufuria. Alitueleza haya huku akisukuma chapati, bila kulalamika, nasi tukawa tunayahesabu maneno ya mahubiri yetu moja moja.

Ulipofika wakati wa kulipa, tulipeleka mkono mfukoni tukakuta rozari na funguo za ofisi. Katika miaka yote ya upadre wetu kifungua kinywa kimekuwa kikitusubiri mezani baada ya misa, mayai yamefunikwa kwa sahani, na hatujawahi kuuliza bei ya yai. Mzee akasema, "Andika kwangu." Mama lishe akaandika chini ya jina lake: supu 1, chapati 2, Padre.

Jumatatu tulirudi na fedha. Alifungua daftari, na mstari ule ulikuwa umekwisha kukatwa. Mzee alilipa jioni ile ile. Tulipomsihi apokee, alikataa: "Deni halilipwi mara mbili, Baba." Akatuuliza badala yake kama parokiani kuna misa ya Dominika ambayo mtu wa kazi yake anaweza kuifikia, kwa sababu Dominika nayo anapika hadi saa tano. Misa zetu ni ya saa kumi na mbili na ya saa mbili. Hatukuwa na jibu.

Tumeiomba Halmashauri ya Walei ijadili misa ya jioni, na kikao ni Jumamosi hii saa kumi alasiri. Dominika, katika misa zote mbili, tutayasahihisha mahubiri yale.