Ukimpisha Mwenzio, Zamu Yako Inakuja Lini?

Hebu tuongee ukweli, wapenzi wasomaji. Siku hizi mnaoana wote mna digrii, wote mna kazi, wote mna ndoto. Halafu mmoja anapata uhamisho. Nani anaacha kazi? Jibu mnalijua.

Mimi niliacha. Mume wangu alipohamishiwa Mwanza niliaga benki Dar, nikafunga mizigo. Sijutii, tulikubaliana. Ila sasa ni miaka 6, nina miaka 36, na kila nikiomba kazi naambiwa nimekaa nje muda mrefu mno. Bosi mmoja aliniuliza kwenye usaili kama sioni umri umeshakwenda. Nilitoka pale nimenywea.

Ndiyo maana maisha ya Celia Lovsky yamenikaa moyoni. Alizaliwa Vienna mwaka 1897, akawa mwigizaji wa jukwaani mwenye jina lake. Mwaka 1929 akapendana na Peter Lorre, kijana mdogo kwake kwa miaka 7. Celia ndiye aliyemfikisha kwa mwongozaji Fritz Lang, na mwaka 1931 Lorre akang'ara kama muuaji katika filamu ya M.

Hitler alipotwaa madaraka mwaka 1933, Lorre, ambaye alikuwa Myahudi, hakuwa na maisha tena Ujerumani. Wakakimbia, wakaoana London mwaka 1934, wakaenda Hollywood. Huko lafudhi ya Lorre na yale macho yake makubwa vikampa kazi kibao: filamu 8 za Mr. Moto kati ya 1937 na 1939, The Maltese Falcon mwaka 1941, Casablanca mwaka 1942. Na Celia je? Kwenye filamu za Marekani miaka ile hakuonekana. Alikuwa mke wa staa, basi.

Mwaka 1945 wakaachana, na mwaka huohuo Lorre akaoa mwingine. Celia alikuwa na miaka 48, lafudhi ya Vienna haijamtoka. Wengi wetu tungejifungia ndani. Yeye akaanza upya, tena kwa vipande vidogo: leo bibi wa kizungu cha mbali, kesho mama wa mtu. Mwaka 1957 akacheza mama kiziwi wa Lon Chaney katika Man of a Thousand Faces. Mwaka 1967, akiwa na miaka 70, akatokea Star Trek kama T'Pau, kiongozi mzee wa Vulcan. Ni kipindi kimoja tu, lakini mashabiki wanamkumbuka hadi leo. Na Lorre? Walibaki marafiki mpaka alipofariki mwaka 1964.

Mimi nimejifunza mawili. Kwanza, umri haufungi mlango kama wewe hujaona aibu kuanzia chini. Pili, si lazima ndoa ivunjike ndipo zamu yako ifike. Hilo la pili nilimwambia baba watoto waziwazi, chakula kikiwa mezani. Alikaa kimya kwanza. Kisha akauliza, "Watoto nitawachukua shule siku zipi?"

Mwezi ujao naanza kazi kwenye saccos, ngazi ya chini kuliko niliyoiacha. Jumanne na Alhamisi watoto ni wake.

Kama unampisha mwenzio, mpishe kwa moyo mweupe. Ila zamu yako ipangieni tarehe mapema, wakati bado mnacheka pamoja.